Mpira Kwanza, Sinia Baadaye

Kila asubuhi Efrazia alisaga ulezi juu ya jiwe, na kila asubuhi macho yake yalikwenda zizini. Zizi lilikuwa tupu. Nyasi zilianza kuota mahali walipolala ng'ombe. Mwaka juzi waliibwa, na mwanawe wa kwanza, Benedicto, alifuata nyayo zao hadi Mto Mara. Alirudishwa Kenyamonta amebebwa, mshale ubavuni.

Sasa Efrazia alibaki na mwanawe wa pili, Simioni, naye Simioni alikuwa akichonga mishale.

"Ya nini hiyo?"

"Ya ndege, mama."

"Ndege gani anayehitaji sumu?"

Simioni aliendelea kuchonga. Vijana wa rika lake walimtaka wavuke mto pamoja, wakalipe kisasi.

Siku hiyo alikuja Tomaso, Bwana Maendeleo, akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, mama Benedicto."

"Marahaba. Keti."

"Shule zikifungwa tutaweka tena kambi ya michezo. Vijana wa huku na vijana wa ng'ambo ya mto. Nimekuja kumwomba Simioni."

Efrazia aliacha kusaga. "Acheze na waliomwua ndugu yake?"

"Aliyemwua simjui, mama. Nawe humjui. Ng'ambo nako kuna makaburi, nao wanasema hivyo hivyo juu yetu."

"Kambi ya mwaka jana ilivunjwa kwa rungu. Umesahau? Kichwa chako hakijasahau."

Tomaso aligusa kovu lake. "Tulikosea. Tulishindanisha timu ya huku na timu ya ng'ambo. Ikawa vita yenye filimbi."

"Hilo ni kosa dogo. Mpishi wenu alikuwa mdogo wangu Agustina, na aliona. Marungu yaliinuliwa jioni, mlipowaketisha kwenye sinia moja."

"Tulitaka wale kama ndugu."

"Ndiyo kosa lenyewe. Hapa kwetu, watu wenye damu kati yao hawali pamoja mpaka wazee wa pande zote mbili wakae na kuapishana. Anayekula kabla ya hapo anamkanyaga marehemu. Yule kijana aliyemwaga ugali hakukosa adabu. Alikuwa amemzika baba yake."

Tomaso alisogea karibu. "Basi tufanyeje?"

"Pikeni vyungu viwili. Wacheze, wajuane majina. Sinia litawangoja wazee."

"Nami nitachanganya timu," alisema Tomaso taratibu. "Kila timu iwe na wa huku na wa ng'ambo. Anayetaka goli itambidi ampe mpira mwenzake."

Tomaso alipoondoka, Efrazia alimgeukia mwanawe. "Nenda. Mishale iache hapa."

"Wenzangu watanicheka."

"Wakucheke. Benedicto walimsifu, na yuko wapi?"

Simioni alikwenda. Mlinda mlango wa timu yake alikuwa Joram wa Kerende, ng'ambo ya mto, kijana mrefu mwembamba. Mwanzoni hawakusemezana. Kisha siku moja Simioni alizubaa, goli likaingia.

"Wewe Simioni," Joram aliuliza, "unalinda nini hapo, mbuzi?"

Timu nzima ilicheka. Hata Simioni alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Wazee walikuja kutazama. Waliketi mbalimbali, lakini walitazama mpira ule ule. Jioni vyungu vilikuwa viwili, na hakuna aliyemwaga chakula.

Baada ya mvua, ng'ombe waliibwa tena kwa jirani. Yowe lilipigwa alfajiri. Simioni alichukua upinde wa marehemu kaka yake. Efrazia alimshika mkono, lakini Simioni aliuchomoa akaenda.

Yeye na wenzake walifuata nyayo za ng'ombe hadi mtoni, zikaingia majini. Ng'ambo walisimama vijana wenye pinde, nao wakidhani wamevamiwa. Mmoja alikwisha vuta uzi. Nyuma ya kijana huyo, Simioni alimwona mrefu mmoja anayemjua.

"Joram!" aliita. "Unalinda nini hapo?"

Maji tu yalisikika.

"Mbuzi," sauti ilijibu.

Pinde zilishuka polepole. Vijana wa pande mbili wakafuata nyayo pamoja, wakiachiana nafasi, maana hofu haikuwa imekwisha. Waliwakuta ng'ombe kichakani, wengine wamekwisha chinjwa. Wezi wawili walikamatwa wakapelekwa barazani kwa chifu. Mmoja alikuwa wa ng'ambo. Mwingine alikuwa wa huku, na alikuwa amelia kwenye mazishi ya Benedicto.

Siku hiyo hakuna aliyezikwa.

Jioni Simioni alirudi na Joram. Efrazia alimtazama mgeni kwa muda mrefu, akampa ugali katika sahani ya peke yake. Joram alielewa. Alikula nje, akaiosha sahani mwenyewe.

"Wazee wetu wamekubali kukaa na wenu baada ya mavuno," alisema.

"Nimesikia," alijibu Efrazia.

Joram alipokwenda zake, Efrazia aliingia ndani akatoa sinia kubwa, ambalo halikutumika tangu mazishi. Alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, kisha akaliegemeza ukutani, likauke.