Shokapu Zilizolazwa kwa Wivu

Haya jamani, sogeeni, maana jambo hili halikutokea mbali na kwenu. Walikuwepo ndugu wawili waliorithi gereji ya baba yao. Asubuhi walikunywa chai kwa kikombe kimoja cha bati, wakitaniana kama watoto. Mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo kazi, tangu kushika spana. Mdogo naye alimheshimu mno: alichokifunga kaka yake, yeye hakukifungua. Ndivyo walivyofanya kazi, na walielewana.

Basi mdogo akaunda gari la kupandia miamba, lenye fremu ya mabomba na magurudumu ya kutisha. Kilichomhangaisha zaidi ni shokapu, zile springi za kuzuia mtikiso. Juu ya kila moja aliweka bamba lenye matundu. Ukifunga bolti kwenye tundu la nje, shokapu inasimama na gari linakuwa imara. Ukifunga la ndani, shokapu inalala, gari linalegea na kuyumba. Alifunga, akafungua, akafunga tena, mpaka gari likapita kwenye mteremko wa ubavu bila kutikisika.

Wateja wakaanza kumwita Bingwa. Wanampita mkubwa pale mlangoni: "Bingwa yupo?" Mkubwa anacheka, huku roho inamuuma. Kilichommaliza ni mama yao. Alikuja akalizunguka gari, akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Baba yenu angemwona huyu mwanangu, jamani!"

Huyu! Na yeye je? Nani aliyemfundisha huyo mwanao kushika spana? Wivu ukampanda; kesho yake hakukigusa kile kikombe cha bati.

Siku ya maonyesho ya magari, mdogo alipokwenda kuoga, mkubwa akaingia chini ya gari. Akahamisha bolti za shokapu za nyuma, kutoka tundu la nje hadi la ndani. "Liyumbe kidogo tu," alijiambia. "Watu wacheke, basi." Ndugu msomaji, hakuna anayejiambia kwamba anakwenda kuua.

Walipofika na mama yao kwenye machimbo ya zamani ya mawe, palipofanyika maonyesho, mdogo alilikagua gari. Akachutama nyuma, akazitazama shokapu kwa muda. Mdogo akainuka, akamtazama kaka yake, akatabasamu, akapanda.

Gari lilipanda vizuri, watu wakashangilia. Lilipofika kwenye ubavu wa mwamba likaanza kuinama. Likainama, likazidi kuinama, nyuma ikanywea, likabingirika. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Walipolinyanyua, mkono wa kulia wa mdogo ulikuwa chini ya bomba.

Hospitalini daktari alisema mkono utapona, ila vidole havitashika spana tena. Mkubwa aliketi kando ya kitanda, ameinamisha kichwa.

"Kaka," mdogo alisema taratibu, "zile shokapu za nyuma, wewe ndiye uliyezilaza, eti?"

"Uliona?"

"Niliona. Nilitaka kuzirudisha. Nikasema, aa, kaka ameona kitu ambacho mimi sijakiona. Hebu niambie, ulikuwa umeona nini?"

Mkubwa akaivuta shuka, akamfunika mdogo wake bega.

Sasa wateja wakija wanamwuliza mkubwa tu, maana hakuna fundi mwingine. Mdogo hukaa kwenye kigoda, ameshika kikombe cha bati kwa mkono wa kushoto. Hajauliza tena, na mkubwa bado hajamjibu.

FUNZO

Ndugu zangu, mwenzako akisifiwa, chako hakijapungua. Wivu ukikupanda, useme mapema, kabla haujakua: "Mama, na mimi nisifu, ndiye niliyemfundisha." Utaona aibu, watakucheka, na yataisha hapo hapo. Na mtu anayekuamini, mwogope kuliko adui, kwa sababu adui angeihoji kazi yako. Huyu aliiona, hakuihoji, akapanda.