Aliyejua Majibu Yote

Sebuleni jioni ile walikuwepo hawa: mama mkwe, kwenye kochi, shemeji, akirekebisha kitasa cha mlango, mshonaji, akipakua chakula, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mezani akila, na mumewe huyo huyo, akiingia kutoka kazini, nguo zikinuka chuma kilichoungua.

Sahani ilimponyoka mshonaji.

Sura moja, kovu moja la shavuni, hata namna ya kuinamisha bega. Hapo akaikumbuka simu ya juzi. Sauti ya upole ilimwamkia mumewe, ikasema inatoka benki, ikaomba kuhakiki habari zake. Naye, mtu wa kutekwa na adabu, akaitajia jina la mama yake, siku aliyozaliwa, namba yake ya siri, mpaka jina alilodekezwa nalo utotoni. Mkewe alipomkanya alicheka, akasema mtu haibwi kama kuku.

"Mwanangu nitamjua tu," mama mkwe alinong'ona, akaanza kuwauliza. Maswali yakawa yale yale ya simu. Aliyekaa alijibu yote bila kumeza mate. Aliyesimama alibabaika kwa hofu, akakosea hata siku yake ya kuzaliwa.

"Mama, usiulize hayo. Hayo alishayatoa."

"Nyamaza, mkwe wangu. Mwizi ni huyo wa mlangoni."

Shemeji aliokota nondo iliyokuwa imeegemezwa kando ya mlango. Ilimshukia aliyesimama begani, ikashuka mbavuni, ikashuka kichwani, mfupa ukalia kama kuni kavu, mshonaji akajitupa katikati akasukumwa ukutani, damu ya mumewe ikamrukia mdomoni akaionja, na muda wote huo yule wa mezani alikuwa akila taratibu, hana jasho, hana harufu, kifua hakipandi wala hakishuki, mpaka mshonaji akamkaba kola na kumuuliza alimnong'oneza nini siku walipomzika kifungua mimba wao.

Nondo ikasita hewani.

Kiumbe kile kikatabasamu kwa kinywa cha mumewe.

"Hilo hakuniambia."

Kisha kikainuka, kikaukamata mkono wa shemeji uliokuwa na nondo, kikaunyofoa begani, kikaulaza mezani kando ya sahani, kikatoka mlangoni na sura ile ile. Na huko nje jirani alisikika akikiamkia kwa jina la fundi, nacho kikamwitikia vizuri.

Fundi wa kuchomelea alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.