Seremala, Mshona Mapazia na Priampu Chotara

Duka la vyombo vya muziki siku ya Jumamosi halina pa kuweka mguu. Huyu anajaribu spika, yule anatafuta waya, mwingine hana la kununua, amefuata feni tu. Katikati ya watu hao seremala alikuwa akiingiza kabati jipya la mwenye duka, kalibeba kifuani, haoni mbele, mara pu! akamgonga mtu.

"Wee baba, unahama nyumba au unaniua?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni kama mkufu, na kwapani kabana santuri.

"Samahani, mama. Sikukuona."

"Kwa mwili huu hukuniona? Basi wewe una lako."

Mwanamke huyo alikuwa mshona mapazia. Baba yake alipofariki alimwachia mashine ya santuri na sanduku zima la santuri, lakini priampu ilikuwa imeungua. Priampu ni kile kisanduku kinachoipokea sauti nyembamba ya sindano na kuinenepesha kabla haijafika kwenye spika. Bila hicho, santuri inanong'ona kama mgonjwa.

"Zipo za valvu tupu," mwenye duka akamweleza. "Zile taa za kioo. Sauti tamu, ila inapasha chumba joto. Zipo za transista, hazina makuu, lakini sauti kavu kidogo."

"Mimi nataka tamu na sitaki kuokwa."

"Chukua chotara," seremala akadakia huku akijifuta jasho. "Mbele valvu, nyuma transista."

"Nani kakuuliza? Unajua muziki wewe?"

"Najua makabati. Hayo nimeyasikia humuhumu dukani."

Mwanamke akacheka mpaka tepu ikamdondoka. Seremala akaiokota. Kuanzia hapo ndipo namba za simu zilipobadilishwa, kwa kisingizio kwamba priampu itahitaji rafu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo seremala hakulisema. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Msumeno wa umeme ulilipigia kelele kila siku kwa miaka mingi mpaka likachoka. Aliyejua ni dada yake peke yake. Kwa wengine alijifunza ujanja: kukaa ukuta ukiwa kushoto, kutazama midomo, kucheka wenzake wakicheka. Kwenye simu alikuwa mzima kabisa, maana simu aliiweka kulia.

Ndiyo maana mapenzi yao yaliota kwenye simu.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi la mbao tu. Nakusubiri wewe."

"Kapike, mwanamume! Mimi nina madirisha ya hoteli nzima hapa."

Kila akikata simu alitabasamu peke yake kama mtoto. Halafu moyo ukamshuka. Mwanamke huyu alizipenda santuri zake kama watu. Siku akijua kwamba anazisikiliza na mtu mwenye nusu ya masikio, atamtaka wa nini?

Siku ya kuchagua ikafika. Duka lilikuwa na kelele, kwa hiyo mwenye duka akaunga priampu mbili chotara na kumpa kila mmoja zamu ya hedfoni, zile spika ndogo za masikioni. Mshona mapazia akaiweka santuri ya baba yake, akamvika seremala hedfoni kwa mkono wake, taratibu, kama anayemjaribisha kofia.

"Hii ya kwanza. Niambie ukweli."

Seremala akafumba macho. "Tamu. Pande zote mbili zimetulia."

Mwanamke akazivaa yeye. Uso ukabadilika. Akachungulia nyuma ya kisanduku, akaona waya wa kushoto haujaingia, akausukuma. Seremala aliyaona yote. Kumbe upande wa kushoto ulikuwa kimya muda wote.

Wakatoka bila kununua. Njiani mwanamke alitembea kushoto kwa seremala, magari yanapiga honi, na kwa pembe ya jicho seremala aliona midomo yake ikisogea. Polepole, si kama mtu anayepiga soga. Angemuuliza "umesemaje?" Lakini baada ya yale ya dukani, akaogopa kugundulika.

"Jua kali leo," akasema.

Mwanamke akasimama. Akamtazama kidogo, akafunga pochi yake. "Kweli. Kali." Akavuka barabara akaenda zake.

Baada ya hapo simu ikawa baridi. "Nina kazi." "Nitakupigia." Na hakupiga. Seremala akapigilia droo ya mteja kichwa chini, akaibomoa, akaanza upya. Jioni akampigia dada yake.

"Ulimwambia habari ya sikio?" dada akauliza.

"Nimwambieje, dada? Ataniona kilema."

"Sasa anakuona muongo. Kaka, hebu chagua wewe mwenyewe kipi bora."

Asubuhi yake akavaa shati lililopigwa pasi na kwenda karakana ya mapazia. Vitambaa vimening'inia toka darini hadi chini, na katikati yake cherehani inanguruma. Mwanamke hakuinua kichwa.

"Kama ni rafu, siihitaji tena."

"Sikio langu la kushoto halisikii," seremala akasema. Aliona akianza kwa salamu atatoroka. "Siku nyingi. Ile priampu niliisifu uongo. Na njiani ulisema kitu, nikaona midomo, sikusikia, nikaona aibu kuuliza."

Cherehani ikanyamaza.

"Hukusikia?"

"Hata neno moja."

"Mungu wangu!" Akaitupa mikasi juu ya kitambaa. "Mimi nimekuuliza kama priampu ile tuinunue tukae nayo nyumba moja, mimi na wewe, mtu mzima nimejikaza, unanijibu habari za jua! Nimelia hapa mpaka nimelowesha pazia la watu!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Si sikio lililoniudhi. Umenificha! Ningejua, ningepiga kelele." Akajipangusa macho kwa ncha ya pazia, kisha akamtazama kwa makini, kama anayepima dirisha. "Kwa hiyo kwenye hedfoni unasikia nusu tu ya wimbo?"

"Nusu."

"Simama twende."

Dukani aliingia na maswali mapya. Hakuuliza valvu ya aina gani wala kisanduku kipi kinang'aa. "Nataka chotara yenye swichi ya kuunganisha pande mbili ziwe moja. Ipo, haipo?" Mwenye duka akapekua juu, akapekua chini, mwisho akaitoa moja ya kijivu, haina sura. Wakaisubiri valvu ipate moto. Mwanamke akabonyeza swichi, akamvika seremala hedfoni.

Gitaa alilijua. Kisha, kwenye sikio lilelile la kulia, likaja gitaa la pili likilijibu la kwanza, na nyuma yake wanawake wanaitikia. Seremala akashika ukingo wa meza.

"Kuna watu wengine humu," akasema.

"Walikuwepo siku zote, baba."

Mwenye duka akakohoa. "Mnaichukua? Niipeleke nyumba gani?"

"Kwake," seremala akasema, kisha akamgeukia. "Na mimi nipelekwe hukohuko, kama bado unanitaka. Nioe, yaani, nikuoe. Maneno yamenitoka kichwa chini."

"Nimekuelewa. Kwako kuna vumbi, litaua santuri. Utahamia wewe. Lakini kwanza dada yako aje aseme na watu wangu, nisionekane nimekuokota dukani."

"Si umeniokota dukani?"

"Nyamaza."

Walipotoka, seremala akasogea ili mwanamke apate upande wake wa kulia, wenye sikio. Mwanamke akakataa, akazunguka akashika kushoto.

"Huku ndiko magari yanakotokea," akasema, akimgeuza kidevu ili aione midomo yake. "Nitayasikia mimi. Wewe ukitaka maneno yangu, nitazame."