Uzi Usiooza

Kahongya alichomeka kidole ndani ya mavi ya tembo.

Bado ya moto.

Akanusa. Ya asubuhi hii hii. Basi wako karibu, wote ishirini na saba, wa mwisho waliosalia upande huu wa Semliki baada ya miaka mitano ya vita.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Fungo, Fungo. Unasikia?"

"Fungo anasikia. Sema, mama Jokébed."

"Bawindaji kumi na mbili bamepita Mulekera saa mbili. Bote na bunduki ya kalashi. Banaenda mbiombio, sawa batu benye kujua njia. Munuzi wao wa pembe, ule mugeni, iko mu hotel kule Bulengera, ku Butembo. Batu betu bako inje, banangoja neno yako."

"Nani alibaonyesha njia?"

"Ni ile tunakuuliza weye. Ubazuie."

Akairudisha redio kiunoni.

Séphora Kahongya, jina la kazi Fungo, jasusi wa kikosi cha siri cha walinzi wa mbuga, chini ya mama Jokébed. Bastola ya Browning mkononi, Garmin ya kuonyesha njia mkandani. Njia ya kwenda kwenye uwanda wa chumvi, tembo wanakolamba udongo, waliijua watu wanne tu: timu ya watafiti waliokuwa wakiwahesabu, naye akiwa mmoja wao.

Hatua tatu mbele, kitu kikang'aa majanini.

Uzi.

Watafiti hupima mwendo kwa uzi. Hufungwa mtini, ukakunjuka kutoka kikebe cha mkandani huku mita zikijihesabu. Ni uzi wa pamba. Mvua mbili tatu umeoza, na pori linasahau kwamba mtu alipita. Huu ulikuwa wa nailoni. Wa buluu. Mvua za miezi miwili hazikuufanya kitu. Na kununua uzi ilikuwa kazi ya mtu mmoja: Profesa Stanislas, yeye aliyemfundisha Kahongya kupasua mavi kwa kijiti na kuhesabu bila kudanganya.

Kinyaa kikampanda. Mzee mzima na elimu yake! Kikulacho ki nguoni mwako, loo!

Akaukata uzi kwenye njia panda. Kipande cha kwenda kwa tembo akakikunja chote, akikimbia, miiba ikimchana. Akarudi, akafunga fundo, akauvuta uzi huo kushoto, kilimani, hadi kwenye posti ya Abdias, mkuu wa walinzi.

"Abdias, uko na batu ngapi?"

"Kumi na tano. Juu ya nini?"

"Bageni banakuya. Hapana mubapikie."

Saa nne na nusu wawindaji wakatokea, macho chini, uzi ukiwapita vidoleni. Kama mbuzi kambani. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Muteremushe bunduki!" akaamuru Abdias.

Kalashi zikaanguka matopeni. Mmoja akataka kukimbia. Risasi ya Browning ikapasua gogo mbele ya pua yake. Akaketi.

"Mama Jokébed, kumi na mbili tumebashika. Ku Butembo, muingie mu hotel saa sita juste."

Pikipiki ya Yamaha ikanguruma.

Mulekera. Mkahawa wa mama Rébecca. Stanislas alikuwa mahali pake pa kila siku, anakula bugali na nyama, simu ya Thuraya kando ya sahani.

"Séphora! Mais, ile mukono yako! Pfff! Enda unawe kwanza."

"Ni mavi ya tembo, Prof. Weye ulinifundisha."

Akaliweka bunda la uzi wa buluu uliobaki ndani ya mchuzi wake.

Stanislas akaacha kutafuna. "Sikia, binti yangu. Vita itabamaliza tembo tu. Nilibahesabu miaka kumi na mbili. Afazali na miye nipate ka kitu."

"Hapana uniite binti yako."

Kahongya alikuwa amekutana na wauaji wengi, lakini hakuna aliyemtia kichefuchefu kama huyu.

Saa sita. Thuraya ikalia. Kahongya akaipokea.

"Profesa! Pembe ziko wapi?" Sauti ya kigeni, ya haraka.

"Ziko ku tembo. Ufungue mulango, Monsieur. Banagonga."

Mlango ukavunjika upande wa pili wa laini. Simu ikakatika.

Abdias na walinzi wawili walikuwa wameshafika kizingitini.

"Kilomita sita za uzi wako zingali mu pori, Prof," akasema Kahongya. "Utaenda kuzikunja. Na mukono."

Wakamwondoa, mchuzi ukimdondoka kidevuni.

"Mama Rébecca, muko na sabuni?"

Rébecca akautazama ule mkono. "Ni juu ya mavi?"

"Hapana. Mavi haina neno. Nilishika uzi wake."

Akanawa mara mbili, mpaka viwikoni. Kisha akapanda Yamaha, akaondoka.