Mwananguva Asiyepumua

Mwananguva alipita katikati ya nyasi za bahari bila kutikisa hata jani moja. Ngozi yake ilikuwa ya mpira-hai, ule mpira unaojikunja na kujikunjua wenyewe kama msuli. Nyuma ya macho yake meusi kulikuwa na kamera mbili zilizopeleka picha mubashara kwenye kutapicha zote, zile kuta za skrini za jiji la Tanga, na watu walisimama njiani na vikapu vyao wakitazama. Walikuwa wanaiona bahari kwa jicho la mtoto wa nguva, na mtoto mwenyewe alizaliwa karakanani.

Kando yake aliogelea nguva wa kweli, jike, wa mwisho kujulikana katika ghuba ile. Mwanzoni alimkwepa. Kisha akamnusa. Sasa alikuwa amemchukua kuwa wake, na filamu ya Mwantumu ikawa gumzo la mji.

Mwantumu, mwongozaji, alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa hakai akatulia. Jukwaa la bahari walilofanyia kazi lilikuwa dogo, meza na winchi basi, naye alikuwa amelizunguka mpaka fundi wake, Kibwana, akaanza kuona kizunguzungu.

"Dada Mwantu, keti basi. Unanitia wasiwasi na mimi."

"Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kitu gani? Mji mzima unatusifu."

"Sasa ningekijua si ningekisema?"

Kwenye kioo cha picha pale mezani, nguva jike alipita chini ya mwananguva, akamsukuma kwa pua mpaka juu ya maji. Akamshikilia pale. Wakazama. Hawajafika kwenye nyasi, akamsukuma tena. Msimulizi, ile akili mnemba iliyotunga maneno ya filamu papo hapo, ikasema kwa sauti yake tamu: "Tazameni mama anavyocheza na mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Kucheza? Hata mtoto hachezi mchezo mmoja kutwa kucha. Mwantumu akarudisha picha za jana, akarudisha na za juzi. Mchezo ulikuwa ule ule. Halafu akaona alichokuwa hakioni: nyasi. Nguva hula nyasi karibu mchana wote, mwili wote ule haushibi kirahisi. Lakini nyasi hizi zilikuwa zimesimama nzima, na jike amebonyea mabegani, shingo imemnyauka.

"Hali," alisema. "Kibwana, huyu hali!"

"Labda hana hamu."

"Hana nafasi! Nguva si samaki, anavuta hewa kama mimi na wewe. Kila baada ya dakika chache lazima apande juu apumue. Sasa huyu mtoto wetu amepumua lini?"

Watu wa filamu za bahari wanachukia mapovu kuliko wanavyomwogopa papa: povu moja likipasuka karibu na kinasa sauti, sauti nzuri ya saa nzima imeharibika. Kwa hiyo Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeagiza mtambo usiotoa hewa hata chembe, na alipokabidhiwa alijisifu kwa kila mtu kwamba haujapata kuwepo mkimya kama ule. Kimya kile ndicho kilichomtia mama wazimu. Alikuwa hachezi. Alikuwa anamwokoa mtoto anayezama, anamwokoa asubuhi mpaka asubuhi, na mtoto haokoki.

Aibu ilimpanda Mwantumu mpaka masikioni.

"Hatuwezi kumtengenezea pumzi huko huko aliko?"

"Ndani kumejaa nyaya na betri, dada. Hakuna pa kuweka hewa. Mpaka atoke."

Akampigia Bwana Shemweta, mwenye kampuni. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha pili, umenawiri.

"Nimekuelewa, binti yangu," alisema baada ya kusikiliza. "Lakini kesho kutwa ni kilele cha Tamasha la Bahari. Watoto wamepewa likizo waje kutazama. Mnyama mzima kama yule hafi kwa siku mbili."

"Mzee, ana siku nyingi hajala."

"Basi mtupieni nyasi."

"Shida yake si nyasi, mzee wangu. Shida yake ni sisi."

"Ukiutoa mtambo, Mwantumu, usirudi ofisini. Nasema kwa heshima. Filamu nitampa mwingine." Kioo kikazimika.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliwaza Mwantumu kwa hasira. Miaka mingi ameihangaikia filamu hii; ameposwa mara mbili, na mara mbili amesema asubiriwe amalize. Akaenda ukingoni, akarudi, akaenda tena. Kwenye kioo jike alisukuma, safari hii akashindwa kufika juu. Akateleza pembeni, akapumzika kidogo, akarudi chini ya mtoto.

"Teremsha winchi," Mwantumu alisema.

"Dada, si amesema..."

"Nimemsikia. Teremsha."

Mwananguva akaitwa kwa rimoti, akaja taratibu mpaka chini ya jukwaa, mama nyuma yake. Mwantumu aliogopa kwamba jike atapigana, kwamba italazimu wamfukuze. Ndoano ikashika. Winchi ikaanza kuvuta. Jike akaona mtoto anapanda, na badala ya kumzuia akajitupa chini yake, akamsukuma kwa pua na mabega, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alidhani hatimaye amepata wa kumsaidia.

Mwantumu alilia kwa sauti, wala hakujificha.

Mtambo ukalazwa ukingoni mwa jukwaa, unachuruzika maji. Macho yake yalikuwa bado yanapeleka picha, na mji mzima ukamwona mama kutoka juu, uso kauelekeza kwao, matundu ya pua yakifunguka na kujifunga. Alivuta hewa, akaitoa, akavuta tena, polepole, kama anayemfundisha mtu.

"Zima, Kibwana."

"Swichi iko tumboni. Mpaka nifungue skrubu."

Mwantumu akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaufunika mtambo kuanzia kichwani mpaka mkiani, kama afunikwavyo maiti. Kwenye kutapicha zote za Tanga watu wakaona kitambaa tu, na nyuma yake wakasikia pumzi za nguva, moja baada ya nyingine.