Moshi Uliolala Bondeni

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Nyasi za mlimani zilikauka zikavunjika kama vijiti. Mvua ilikuwa imeisahau njia ya bondeni.

Katika nyumba moja waliishi fundi cherehani, mumewe seremala, na mama mzazi wa seremala. Majirani walimwita mama huyo Bibi Kwanini, maana hakikumpita kitu bila kukiuliza. Kwa nini kuku hufumba jicho kwa kope la chini? Kwa nini uzi hukatika ukiwa na haraka?

"Mama, utaniuliza mpaka nishone kidole," mkwewe alimwambia huku akicheka.

Kila alfajiri fundi alifungua madirisha yote. Alitaka hewa ya baridi iingie kabla jua halijachoma bati.

Kisha moto ukawaka msituni, nyuma ya milima. Bondeni hawakuuona moto wenyewe. Waliona moshi tu. Asubuhi ulitanda barabarani, mzito na wa kijivu. Alasiri ulipungua. Kesho yake asubuhi, ulikuwa umerudi.

"Kwa nini unazidi asubuhi?" Bibi aliuliza. "Huo moto hulala mchana?"

"Mama, moshi ni moshi tu," alijibu seremala. "Moto uko mbali, hautatufikia."

Jibu hilo halikumshibisha Bibi. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akakilowesha, akakitundika dirishani. Kilipokauka, alikilowesha tena. Baada ya siku chache alikishika mkononi, akakiweka karibu na kipande kingine kilichokuwa kabatini. Cha kabatini kilikuwa cheupe. Cha dirishani kilikuwa rangi ya majivu.

"Njoo uone, mwanangu," alimwita mkwewe. "Hiki kimekaa dirishani tu. Mimi je, ninayevuta pumzi?"

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika. Bibi alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini safari hii kifua kilibana, maneno yakawa yanatoka moja moja. Fundi alimpa dawa yake ya kuvuta, kisha akakimbilia nyumba ya pili kumwita muuguzi.

Muuguzi alipofika, Bibi alikuwa ameanza kupata nafuu. Muuguzi alimsikiliza kifua kwa makini.

"Leo dawa imesaidia," alisema. "Lakini sikilizeni vizuri. Dawa isipomtuliza, au akishindwa kusema, au midomo ikibadilika rangi, msiningoje mimi. Mpelekeni hospitali mara moja."

Bibi aliinua kidole. "Kwa nini... asubuhi?"

"Bibi! Roho iko puani na bado unauliza?" muuguzi alishangaa.

"Nataka kumjua anayeitoa."

Wote walicheka. Muuguzi akaketi.

"Bonde letu ni kama bakuli," alieleza. "Usiku, hewa ya baridi ni nzito. Inateremka kutoka milimani, inatuama hapa chini. Hewa ya joto inabaki juu yake kama mfuniko. Moshi unanaswa humo ndani pamoja nasi. Jua likipasha ardhi, hewa inapanda, mfuniko unafunguka, na moshi unapata pa kutokea."

"Masikini mimi!" fundi alishika kichwa. "Na ndiyo saa ninayofungua madirisha!"

"Hukujua. Sasa unajua."

Seremala alikuwa ameingia kutoka kazini, kitambaa chenye maji kimefungwa puani. "Mimi najikinga na hiki," alisema.

"Shemeji, unachekecha unga kwa chekeche la kokoto," muuguzi alimjibu. "Chembe za moshi ni ndogo mno, zinapenya. Tafuta barakoa nene ya kuchuja vumbi, ile inayobana pua na mashavu. Tena haitabana juu ya hizo ndevu."

Seremala alizishika ndevu zake kama mtu anayeaga ndugu. Kesho yake alitoka bafuni kidevu kikiwa wazi. Bibi alimtazama sana.

"Kumbe kidevu cha baba yako kilikuwa humo siku zote!"

Muuguzi aliwaonyesha pia jinsi ya kutenga chumba kimoja cha hewa safi. Walichagua chumba cha kushonea. Kilikuwa kidogo, na mbali na jiko. Fundi alishona mfuko mrefu kama soseji, akaujaza vipande vya nguo, akaziba chini ya mlango. Alitundika pazia zito kuzuia jua. Humo hamkuwashwa mkaa, mshumaa wala sigara. Sakafu ilipanguswa kwa kitambaa chenye maji, haikufagiliwa kwa ufagio, vumbi lisipande.

Lakini siku ya kwanza walizidisha. Walifunga nyumba nzima kutwa. Alasiri Bibi alianza kuona kizunguzungu, uso ukiwa wa moto. Fundi alimpa maji, akamlowesha shingo, akampungia upepo. Alipopata nafuu, walimwita muuguzi.

"Mmeruka majivu, mmekanyaga moto," muuguzi alisema. "Joto nalo linaua. Tazameni mlima. Mkiiona miti mmoja mmoja, moshi umepungua, fungueni hewa ipite. Mlima ukipotea machoni, fungeni. Msifuate saa peke yake, maana upepo hugeuka. Na chumba kikiwaka joto huku nje moshi umejaa, mpelekeni Bibi mahali penye ubaridi na hewa safi, kama ukumbi wetu wa zahanati. Na maji, anywe kabla kiu haijamshika."

Tangu siku hiyo Bibi akawa mlinzi wa madirisha. "Funga!" utamsikia. "Haya, fungua!" Seremala alianza kazi za nje moshi ukipungua, na za karakana alizifanya mlango ukiwa umefungwa. Moto uliendelea kuwaka wiki nyingi, lakini kifua cha Bibi hakikubana tena.

Asubuhi moja fundi alikuta wazee wawili wa mtaani wameketi katika chumba chake cha kushonea. Mmoja alikaa juu ya bunda la vitambaa. Bibi alikuwa katikati.

"Nyumba zao zina mianya," alisema Bibi. "Kwa nini tupumue sisi peke yetu?"

Fundi alisukuma cherehani mpaka ukutani, akaenda kuleta kiti kingine.