Kufuli la Wifi Zena

Wifi yangu Zena alikuwa mtu wa kurudi. Mwaka 2013 tulikuwa na duka la vitenge hapa Kasulu, na kila jioni tukishafunga, tukifika kona tu, roho inamruka: "Shadia, hivi nimefunga?" Anarudi mbio, analivuta kufuli, analivuta tena, ndipo anakuja kajiinamia kwa aibu. Mafundi cherehani wa barazani walimcheka, na mimi nilicheka nao.

Siku moja kaka yangu Hilali, mumewe, alikuja kutuchukua akiwa na wageni kutoka Kibondo. Zena alikuwa amejipaka hina kwa ajili yao. Adhana ya magharibi ikaanza, naye akageuka kurudi dukani. Kaka akaona haya mbele za watu.

"Ukirudi leo, pitiliza kwenu Ujiji! Kwangu usije!"

Zena alishafika mlangoni. Mama yetu alitukataza tangu utotoni kumwita mtu jina lake magharibi akiwa amekupa mgongo. Anayeitika huenda siye uliyemwita. Kaka, kwa hasira, akapaza sauti: "Zena!"

"Abee," akaitika, akaja. Kichwa juu. Hakuuliza kitu.

Loo, kaka alivyojisifu! Mke kapona. Tangu hapo Zena alifunga mara moja tu, akaondoka. Hata mwanawe alipoanguka nyuma yetu akalia, hakugeuka.

Nikaanza kumwogopa. Jioni moja nilisahau mtandio wangu dukani, nikarudi peke yangu. Kufuli lilikuwa linatikisika. Hapakuwa na upepo. Mlango ulivutwa kwa ndani. Kimya. Ukavutwa tena.

"Shadia," sauti ikanong'ona kwa aibu, "hivi nimefunga?"

Nilikimbia. Kaka nilipomwambia alinifokea, lakini kesho yake, Zena akiwa jikoni, alinyata kutoka. Nikamfuata. Nilimkuta kaegemeza paji la uso mlangoni pa duka, analia.

"Mke wangu, nisamehe. Nilikuaibisha. Toka twende."

Akafungua. Hapakuwa na mtu, vitenge tu. Ila mlango kwa ndani, usawa wa kufuli, mbao zilikuwa zimelika kwa vidole, na kwenye mikwaruzo kulikuwa na hina. Nikakumbuka mikono ya yule anayetupikia: ilikuwa myeupe, bila hina, tangu jioni ile.

Siku hizi kaka ndiye anayefunga. Hafiki kona. Anarudi, analivuta kufuli, analivuta tena, na mafundi cherehani wanamcheka. Hawako karibu kiasi cha kuona kwamba kila akilivuta, na ndani linavutwa.